Karafuu Mdomoni

Mtu aliyekunywa tembo jioni hapa Wete, kisiwani Pemba, na bado ana safari ya kurudi kwake Mtambwe au Konde, hajiulizi kama anaweza kuendesha. Hujiuliza kama ananuka. Hutia mkono mfukoni akatoa punje mbili tatu za karafuu, akazitafuna polepole mpaka ulimi ukaanza kufa ganzi, ndipo akautafuta ufunguo wa honda yake. Karafuu hapa si kitu cha kununua. Msimu ukikolea huanikwa juu ya majamvi mbele ya nyumba na kando ya barabara, na harufu yake humpokea mgeni kabla hajauona mji.

Ujanja huo haukuzaliwa Pemba. Huko China, zama za utawala wa Han, miaka 2,000 hivi iliyopita, watumishi wa ikulu walitakiwa waweke karafuu mdomoni kabla ya kusema na mfalme, pumzi zao zisimkere. Wao walimwogopa mfalme. Wa Wete anamwogopa mkwewe, na imamu, na jirani anayepanda naye gari moja kila siku. Walio wengi katika mji huu hawanywi kabisa, na anayekunywa hunywa kwa kificho, nyuma ya minazi, kwenye banda la mgema, mbali na njia. Kwa hiyo mnywaji wetu amejifunza tangu ujana kuziogopa pua za watu. Macho na mikono yake, vitu viwili vinavyoendesha chombo, hakuna aliyemfundisha kuvichunguza.

Kadiri nilivyosoma historia ya kumpima mlevi ndivyo nilivyozidi kushangaa. Suala la harufu lilishazungumzwa zamani, likatolewa uamuzi, na uamuzi wenyewe umo ndani ya kitabu kilichosomeshwa katika darsa za mwambao huu huu.

Tuanze basi na pua. Katika Sahihi Muslim imo habari ya Maiz bin Malik, aliyemwendea Mtume (S.A.W.) kukiri zinaa. Mtume hakulikimbilia kosa. Aliuliza kwanza kama mtu huyu ana wazimu, kisha akauliza kama amekunywa. Mtu mmoja akasimama, akamnusa kinywa, asikute harufu ya ulevi. Hicho ni kipimo cha pumzi, karne ya 7. Na ona kilitumika kwa kazi gani: kujua kama maneno ya Maiz yana akili nyuma yake. Pua iliitwa itafute njia ya kumwokoa.

Habari ya pili ni ya Abdallah bin Masud, sahaba, alipokuwa Hims katika nchi ya Sham. Alisoma Sura ya Yusuf, na mtu mmoja akambishia kwamba haikuteremshwa hivyo. Katika kujibizana, Ibn Masud akainasa harufu ya mvinyo kinywani mwa yule mbishi. Akamchapa mijeledi.

Hapo madhehebu yakaachana njia. Wafuasi wa Imam Malik walisema harufu inatosha kuwa ushahidi. Washafii, ambao ndio wengi wa Pemba, walikataa. Imam Nawawi, mwanachuoni wa Sham aliyefariki mwaka 1277, ameandika katika Minhaj kwamba adhabu ya mnywaji haisimami ila kwa kukiri kwake mwenyewe au kwa ushahidi wa wanaume wawili. Harufu haitoshi. Kutapika hakutoshi. Hata kuonekana amelewa hakutoshi. Na kile kisa cha Hims alikifasiri kwa kusema kwamba yule bwana bila shaka alikiri. Sababu za mafakihi ni za watu wenye uzoefu wa dunia: huenda mtu alisukutua kinywa akidhani ni maji, akatema, huenda alinyweshwa kwa nguvu. Tuishike hiyo hoja ya kusukutua, maana itarudi baada ya karne saba, tena katika chumba cha maabara.

Minhaj si kitabu cha mbali na sisi. Wanachuoni wa Kishafii wa mwambao wote walikisoma, kuanzia Lamu hadi Ngazija, na makadhi wa Zanzibar walikitegemea. Waingereza waliposhika hukumu, na kidogo kidogo makadhi wakaachiwa ndoa, talaka na mirathi, mahakimu wa kizungu nao walilazimika kukifungua. Ila wao walikisoma kwa Kiingereza, katika tafsiri ya E. C. Howard ya mwaka 1914, naye Howard aliitoa katika tafsiri ya Kifaransa ya Mholanzi Van den Berg iliyochapwa Batavia. Kitabu cha Sham kilimfikia hakimu kwa kupitia Java. Bahari ya Hindi ina mambo yake.

Basi mlevi ni nani? Imam Shafi amepokewa akisema ni yule ambaye maneno yake yaliyokuwa na mpango yamevurugika, na siri yake aliyoificha imefichuka. Abu Hanifa alikwenda mbali zaidi: asiyepambanua mbingu na ardhi, wala mwanamume na mwanamke. Kwa kipimo cha Abu Hanifa, karibu madereva walevi wote wa dunia wangeachiwa waende zao. Na katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 43, waumini wanakatazwa kuikaribia sala wakiwa wamelewa mpaka wawe wanajua wanalolisema. Sina nia ya kuigeuza aya kuwa kanuni ya barabarani. Nasema tu kwamba katika mapokeo yetu ulevi hutazamwa kwenye ulimi na akili, na kuthibitishwa na mtu wa pili.

Lakini tusimpe kadhi kazi isiyokuwa yake. Kadhi aliuliza kama mtu amekunywa, kwa kuwa kwake tone moja na mtungi mzima ni haramu ile ile. Barabara ina swali jingine: mwilini mna kiasi gani, na kiasi hicho kinamfanya nini dereva. Wete maswali haya mawili yamechanganyika yakawa moja. Aliyefanikiwa kuificha dhambi hudhani ameuficha na ulevi.

Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu yake na minazi. Pemba ikasalimika, na tangu hapo ndiyo ikawa mama wa karafuu. Miezi minne baadaye, Agosti 1872, Bunge la London likapitisha sheria ya vileo iliyofanya kuwa kosa mtu kulewa barabarani akiwa ameshika gari, farasi, ng'ombe au mashine ya mvuke. Mambo mawili hayo hayana udugu wowote, isipokuwa kwa mtu wa hapa. Sheria ile ingemkaa barabara mwenye gari ya ng'ombe anayeteremsha magunia ya karafuu kwenda bandarini Wete: gari anayo, ng'ombe anaye. Ila gari ya ng'ombe ina neema ambayo gari ya mafuta haina. Mwenyewe akisinzia, ng'ombe anaijua njia ya nyumbani, na ng'ombe hakunywa.

Mwaka 1890 mataifa makubwa yalitia saini Mkataba wa Brussels, ambao pamoja na kupiga vita biashara ya utumwa uliweka vizuizi vya kuingiza vileo vikali katika Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini ya ikweta hadi 22 kusini. Mkataba ulizitazama meli. Tembo halipandi meli, linapandiwa mnazi. Mgema wa Pemba aliendelea na kotama yake asubuhi na jioni kama kwamba Brussels haipo.

Kisha 1897. Tarehe 6 Aprili Sultani Hamud bin Muhammed aliondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba. Tarehe 10 Septemba ya mwaka huo huo, London, dereva wa teksi ya umeme aitwaye George Smith, kijana wa miaka 25, aliipandisha gari yake kwenye jengo la New Bond Street. Teksi zile zilikuwa hazijatimiza hata miezi miwili mjini. Smith alikiri, akatozwa faini, na anahesabiwa kuwa mtu wa kwanza kutiwa hatiani kwa kuendesha gari akiwa amelewa. Alisema amekunywa glasi mbili tatu za bia. Zaidi ya miaka 120 imepita na jibu halijabadilika. Msimamishe dereva Wete, msimamishe Mombasa, msimamishe Kampala: mbili tatu. Hesabu hiyo haina uhusiano na chupa. Ni kiasi ambacho mtu anaona anaweza kukitamka mbele ya mtu mwenye sare.

Polisi wa zama za Smith walikuwa na macho na masikio tu. Walimtembeza mtuhumiwa juu ya mstari wa chaki. Walimwamuru atamke maneno yenye kutatanisha ulimi, wasikilize atajikwaa wapi, na bila ya kujua wakawa wamemfuata Imam Shafi. Mwaka 1927 kamati ya Chama cha Madaktari cha Uingereza ilitoa ripoti juu ya vipimo vya ulevi, na jibu lake kwa ufupi ni kwamba hakuna kipimo kimoja kinachojitosheleza. Mwaka 1930 sheria mpya ya barabarani ikaja na maneno yaliyoishi muda mrefu: kosa ni kuwa chini ya athari ya kileo kiasi cha kushindwa kulimudu gari ipasavyo. Sentensi hiyo ikapanda meli, ikaenea makoloni.

Ni sentensi nzuri kwa wakili wa utetezi. Kulimudu ipasavyo ni nini? Mtu aliyefika salama amelimudu. Aliyegonga mwembe huenda amesinzia, huenda breki zimekata. Na Kiswahili chetu kinazidi kuichanganya habari, kwa sababu kwetu sisi watu wa visiwa hata bahari inalevya. Mtu aliyepambana na mawimbi kutoka Unguja au kutoka Fundo akateremka Wete kijani usoni, tunasema amelewa, na hakuna anayemfikiria vibaya. Hupepesuka kweli pale gatini. Mtembeze kwenye mstari wa chaki, atashindwa, naye hajaonja kitu tangu kifungua kinywa.

Suluhu ilitoka kwenye ncha ya kidole. Huko Lund, Sweden, mwanasayansi Erik Widmark alivumbua mwaka 1922 namna ya kupima kileo katika matone machache ya damu, na mwaka 1932 akachapisha kitabu kilichoeleza jinsi kileo kinavyoenea mwilini na kinavyoondoka. Aliona kwamba ukijua uzito wa mtu na gramu alizokunywa, waweza kukisia kiwango cha damu yake. Kwa mwanamume wa kawaida, zidisha kilo zake kwa 0.68. Kwa mwanamke, kwa 0.55, kwa kuwa mwili wake huwa na maji kidogo zaidi, na ndani ya maji ndimo kileo kinamokaa. Gawa gramu kwa jawabu hilo, uzidishe kwa 100, upate takriban miligramu za kileo katika mililita 100 za damu. Kisha mwili hukitoa kile kileo kwa mwendo wake mwenyewe, kama miligramu 15 katika kila mililita 100 za damu kwa saa. Kahawa haiuharakishi, wala supu ya pweza, wala kuoga maji ya kisima, wala kulala.

Hesabu hiyo niilete hapa Wete. Tembo likiteremka mnazini ni tamu, karibu na juisi, na mtoto anaweza kulionja. Lakini limeshaanza kuchacha ndani ya kibuyu kabla mgema hajakanyaga chini. Baada ya saa chache hufika kama asilimia 4 ya kileo, likaendelea kupanda, mpaka kesho yake likawa kali, na likiachwa zaidi linakwenda zake kuwa siki. Mwanamume wa kilo 70 akinywa lita moja ya asilimia 4 amemeza kama gramu 32 za kileo, na damu yake inafika 65 na ushei. Lita ile ile, kutoka mti ule ule, ikichelewa mpaka ifike asilimia 5, ni gramu 39 na zaidi, na damu imevuka 80. Bia ya kiwandani imeandikwa nguvu zake kwenye chupa. Kibuyu hakijaandikwa kitu. Mnywaji wa bia anaweza kukosea hesabu, lakini mnywaji wa tembo hana hesabu ya kukosea. Mkononi ana kikombe kimoja mchana na kikombe kimoja magharibi, na si kikombe kimoja. Nasi tunao msemo juu ya mgema anayesifiwa akatia maji. Kwa mwenye safari mgema huyo ana kheri kuliko mwaminifu.

Namba 80 nimeitaja kabla ya kueleza ilipotoka. Norway ndiyo iliyotangulia, mwaka 1936, kusema kwamba kiasi fulani katika damu ni kosa chenyewe, hata kama dereva anaongea vizuri na kutembea vizuri; wao waliweka 50. Sweden ikafuata 1941 kwa 80. Marekani nako walikuwa wakihangaika na pumzi. Rolla Harger wa Indiana aliunda mashine ya kupulizwa kwa puto, ikaingia kazini mwishoni mwa 1938, na mwaka 1954 Robert Borkenstein, aliyekuwa polisi wa jimbo hilo hilo, akaunda iliyo ndogo na ya kuaminika zaidi.

Hapa ndipo karafuu inaposhindwa. Mashine hainusi. Kileo kilichomo kwenye damu hupita mapafuni, na sehemu ndogo yake huvukia katika hewa ya chini kabisa ya pafu kwa uwiano unaojulikana, takriban sehemu 1 kwa 2,100. Ndiyo maana dereva huamriwa apulize mfululizo mpaka pumzi imwishie: hewa ya mdomoni itoke kwanza, ije ya ndani. Ukitafuna karafuu, mdalasini, tambuu au vyote kwa pamoja, umeibadilisha harufu ya kinywa, na kinywa sicho kinachopimwa. Ila mashine nazo zilikuwa na udhaifu wake. Mtu aliyesukutua kwa dawa yenye kileo dakika moja kabla, au aliyecheua, aliweza kuonyesha namba kubwa na damu yake ni safi. Wataalamu wakaweka kanuni: subiri dakika 15, umtazame asitie kitu mdomoni, ndipo apulize. Ni hoja ile ile ya mafakihi, ya aliyesukutua akatema. Mwanafunzi wa darsa ya Minhaj aliijua kabla umeme haujafika mahali popote duniani.

Mwaka 1962 na 1963, katika mji wa Grand Rapids, Michigan, Borkenstein na wenzake walipima pumzi za madereva karibu 6,000 waliopata ajali, wakazilinganisha na za madereva zaidi ya 7,000 waliosimamishwa mahali pale pale na saa zile zile bila ya ajali. Matokeo yalitoka 1964: hatari inaanza kupanda mapema, na ikivuka 80 inapaa. Uingereza ikaikamata namba hiyo. Waziri wa Usafiri alikuwa Barbara Castle, mwanamke asiyejua kuendesha gari, jambo ambalo wenye baa hawakuacha kumsimanga nalo. Tarehe 9 Oktoba 1967 polisi wakaanza kugawa vijibomba vya kioo vyenye chembechembe za manjano. Ukipuliza zikageuka kijani, twende kituoni. Mwaka wa mwanzo vifo vya barabarani vilipungua kwa zaidi ya elfu moja.

Kuna mtu mmoja ambaye simulizi za mashine humsahau, nami namwona ndiye muhimu kuliko wote kwa anayetaka kujihukumu mwenyewe. Ni Edward Mellanby, daktari wa Uingereza, aliyechapisha mwaka 1919 majaribio yake juu ya mbwa. Aliwanywesha kileo, akawapima damu huku akiwatazama wanavyotembea. Aligundua kwamba kwa kiwango kile kile cha damu, mbwa aliyekuwa akipanda kwenye ulevi aliyumba zaidi kuliko aliyekuwa akishuka. Kwa binadamu ni hivyo hivyo, na balaa ni kwamba anayeshuka hujihisi mzima. Alikuwa juu, sasa ameteremka kidogo, tofauti anaiona, naye huiita tofauti hiyo uzima. Pale ndipo maneno "nishapoa" yanapozaliwa. Mtu husema kweli kuhusu anavyohisi, na husema uongo kuhusu damu yake, wala hakusudii. Na mkono unaochelewa breki kwa sehemu ya nukta hauna namna ya kumwambia mwenyewe kuwa umechelewa. Mtu wa kwanza kuharibiwa na kileo ni yule hakimu wa ndani tuliyetaka atoe hukumu.

Huko California, miaka ya 1970, mtafiti Marcelline Burns aliyachambua yale majaribio ya kienyeji ya polisi, akabakiza matatu: kutazama mboni za macho zinavyorukaruka zikifuata kitu kinachokwenda pembeni, kutembea hatua tisa kisigino kwa kidole, na kusimama mguu mmoja. La macho ndilo bora, kwa kuwa hakuna anayeweza kuziamuru mboni zake. Hayo mengine mawili ningependa kuona yakifanywa usiku, kwa kandambili, juu ya kifusi.

Afrika Mashariki tulirithi vyote viwili, sentensi ya 1930 na namba ya 1967, na hatujaacha kuvigombanisha. Tanzania Bara ilitunga Sheria ya Usalama Barabarani mwaka 1973, na namba yake ni ile ile 80. Zanzibar ina yake, kwa kuwa barabara si jambo la Muungano: Sheria ya Usafiri Barabarani Namba 7 ya 2003. Polisi, kwa upande mwingine, ni ya Muungano. Kwa hiyo trafiki anayesimama kwenye njia ya Wete ana sare ya Tanzania na sheria ya Zanzibar mkononi.

Kenya ndiko vita vilikopamba moto. Desemba 2013 polisi waliingia barabarani na kifaa kilichoitwa Alcoblow, na kwa miezi kadhaa Nairobi haikuwa na mazungumzo mengine. Watu walipashana habari ya vizuizi kwa simu, wengine wakajifunza kugeuza gari kabla ya mwanga wa tochi. Wenye biashara ya baa wakaenda mahakamani. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ikaona kwamba kanuni za kifaa zimekwenda kombo na sheria mama, kwa kuwa sheria mama, kifungu cha 44, inataka ithibitike kwamba dereva alishindwa kulimudu gari ipasavyo. Kanuni zilitaka namba. Sheria ilitaka sentensi ya Waingereza ya 1930, ambayo Waingereza wenyewe walishaona haitoshi miaka 50 nyuma. Mimi nadhani mahakama ilisoma sheria sawasawa, na sheria ndiyo iliyokuwa imelala.

Wete hakujakuwa na kelele kama hizo. Kwanza, anayekunywa kwa siri hawezi kwenda mahakamani kudai haki ya kunywa. Pili, na hili ndilo linaloniuma, watu wanaoona hawasemi. Abiria aliyekaa mbele kwenye gari ya 606 kwenda Chake akimwona dereva anatafuna karafuu kwa bidii saa mbili za asubuhi, hunyamaza. Akisema, amemtuhumu mtu kunywa, na kumtuhumu Mwislamu kunywa bila ya mashahidi wawili ni jambo zito. Anaihifadhi heshima ya dereva na kuihatarisha roho yake. Naelewa ugumu wake, lakini amekosea mlango. Hakuna aliyemtaka ashuhudie dhambi. Anaweza kusema macho yako yamechoka leo, au tumbo linanisumbua, nishushe hapa. Anaweza kumwambia utingo, naye utingo akamtafuta mwenye gari. Kitabu kilichokataza kumhukumu mtu kwa harufu hakijamlazimisha yeyote kupanda gari yake.

Na huyo dereva wa asubuhi nimalizie naye, maana ndiye asiyefikiriwa. Usiku watu humtazama mlevi. Alfajiri hakuna anayemtazama. Tuseme ni yule yule wa kilo 70, amekunywa lita mbili za tembo lililokolea, asilimia 5, na saa 4 za usiku damu yake imefika kama 165. Amelala vizuri. Ameamka, amepiga mswaki, amekoga, amekunywa chai ya tangawizi, na moyo wake unamwambia yu mzima. Saa 11 za alfajiri anawasha gari. Saa 7 zimepita, mara 15, ni 105 zilizotoka. Zimebaki 60. Norway wangemtia ndani.

Hanuki kitu.